Wimbo Uliomliza Mama Sauti

Ukiwa na mazishi, harusi, harambee au mkutano wa injili popote kati ya Gilgil na Njoro, mtu wa kwanza kupigiwa simu ni mwenye hema, na wa pili ni Wachuka. Wengi hawalijui jina lake. Humwita Mama Sauti, kwa sababu spika, maikrofoni na nyaya zote ni zake, na pia kwa utani, maana yeye mwenyewe ukitaka kumsikia lazima uiname. Ni mwanamke mfupi wa miaka hamsini na ushee, mwenye mabega ya mchukuzi, na mtu akiongea huinamisha kichwa upande mmoja kama anayetafuta kasoro. Mara nyingi huipata.

Kazi hiyo alifundishwa na mumewe, Mburu, fundi wa redio wa mtaa wa Section 58 mjini Nakuru aliyegeuka kuwa mwenye spika. Mburu hakuwa mtu wa maneno mengi. Kanuni yake ilikuwa moja: sauti ikiharibika, usiitafute hewani, fuata waya. Anza inakotoka, ondoa kitu kimoja kimoja, mpaka umpate mkosaji. Wachuka aliishika kanuni hiyo na kuitumia kwa kila jambo, hata kumjua aliyekula sukari.

Kila Jumamosi alisimama nyuma ya miksa yake watu wakilia. Alisikia mama wakiwalilia wana, na wana wakiwalilia baba waliokuwa hawawapigii hata simu. Yeye hakudondosha chozi. Wala si roho ngumu; ni kazi. Mtu wa mitambo naye akianza kulia, nani atapunguza maikrofoni shangazi wa marehemu anapopiga nduru?

Shida ni kwamba Mburu alipofariki, miaka miwili iliyopita, Wachuka hakulia pia.

Mburu alizikwa kwao Bahati, na spika zilikuwa zake mwenyewe, maana ungekodi za nani tena? Maombi yalipoanza, ule mtambo wa zamani aliouunda Mburu kwa mikono yake ukaanza kuvuma chini chini, vuuu, jinsi ulivyozoea. Watu wakageuza shingo. Wachuka, akiwa na kitambaa cheusi kichwani, aliinuka kwenye kiti cha mjane, akapita mbele ya jeneza, akachomeka kile kidude chao kidogo cha kukata mvumo, akarudi kuketi. Sauti ikawa safi. Pasta akaendelea. Macho ya mjane yalikuwa makavu, na kijiji kizima kiliyaona.

Jioni, mama yake Mburu, bibi ambaye kila mtu humwita Cucu, aliweka kikombe cha chai chini na kusema, "Kumbe mwanangu hakuoa mke. Alioa fundi."

Neno hilo lilimkaa Wachuka kooni. Angekuwa na hakika kwamba si kweli, angelitema. Lakini hakuwa na hakika. Waliishi miaka ishirini na zaidi bila ugomvi mkubwa, bila maneno matamu pia. Aliosha vyombo akijiuliza: mtu anampenda mumewe, halafu anamzika kama mzigo wa mteja? Na sasa Agosti ilikuwa inakaribia, siku ya kuweka jiwe la kaburi, na angeketi tena kwenye kile kiti cha mbele, Cucu akimtazama.

Basi ndivyo mambo yalivyokuwa Jumapili ile alipoenda Kikopey, kwenye nyama choma za barabarani.

Waliomkodi walikuwa waendesha pikipiki kubwa, wale wa jaketi za ngozi, waliokuwa na sherehe nyuma ya bucha moja. Nao walikuwa wamealika bendi. Wachuka alipowaona vijana wa bendi alijua siku itakuwa ndefu: fulana nyeusi, minyororo, na mmoja amejichora fuvu la kichwa mkononi. Walijiita Mvuke. Mpiga gitaa, Kimutai, siku za kazi alikuwa akihudumia visima vya mvuke wa kuzalisha umeme huko Olkaria. Tanveer, mtoto wa muuza vipuri vya magari mjini, alipiga ngoma. Mwimbaji alikuwa msichana mwembamba kwa jina Hemali, ambaye wazazi wake wana duka la vitambaa, na ambaye alimsalimia Wachuka kwa adabu kama aliyetoka kanisani.

"Shikamoo mathe. Maiki yangu uipe nguvu, aki. Huwa naongea juu kidogo."

Kuongea juu kidogo! Msichana huyo alipofungua kinywa, mbwa waliokuwa wakingoja mifupa waliondoka kwa pamoja. Wachuka alijaza pamba masikioni. Debe tupu haliachi kuvuma, aliwaza, na hawa wamekuja na ghala zima la madebe.

Katikati ya vurugu spika ya gitaa ikafa. Wachuka alikimbia kwenye gari na kuuvuta mtambo wa zamani wa Mburu kutoka chini ya blanketi, ulikokuwa umelala tangu mazishi. Kidude chake alikuwa amekisahau kwenye kanisa moja la mtaa wa Free Area. Aliona aibu, lakini kwa kelele zile nani angesikia kasoro? Akauwasha, muziki ukaendelea, watu wakatikisa vichwa mpaka ungeogopa shingo zitang'oka.

Halafu, bila kuonya mtu, bendi ikanyamaza. Tanveer aliweka vijiti chini. Kimutai alibaki anagusa uzi mmoja mmoja. Hemali akasogea karibu na maikrofoni na kuimba kwa sauti ambayo Wachuka hakujua kama anayo, sauti ndogo, iliyochoka:

*Umefunga duka mchana,*
*jua bado liko juu.*
*Wateja wanauliza,*
*niwaambie utarudi lini?*

Wachuka alitoa pamba. Alitaka tu kurekebisha maiki. Akahisi kitu kidevuni, akakigusa, kikawa maji. Akafuta, yakaja mengine. Jitu moja lenye ndevu na jaketi ya ngozi lilikuwa likilia pia, mkononi limeshika ubavu wa mbuzi, lakini hilo halikumhusu. Alijificha nyuma ya spika mpaka wimbo ukaisha.

Njiani kurudi Nakuru hakuwasha redio. Alikuwa na hasira. Yeye hakumtolea Mburu wake chozi, halafu anakuja kulilia duka la watu asiowajua, kwa kuimbiwa na vijana wenye minyororo! Lakini chini ya hasira kulikuwa na udadisi, na Wachuka akishadadisi huwezi kumshika. Kama machozi yapo, yana chanzo. Kama yana chanzo, kuna waya. Akijua yalikotoka, labda angejua kama yalikuwa ya Mburu.

Alianza na mshukiwa wa kwanza, moshi wa nyama. Siku ya Jumanne alirudi Kikopey na kumuuliza mchomaji, mwanamume mnene aitwaye Kemboi, upepo ulikuwa unaelekea wapi Jumapili.

"Upepo?" Kemboi aliacha kukata. "Mama, watu huniuliza bei."

"Nakuuliza moshi ulikuwa unaenda upande gani."

"Ulikuwa unaenda barabarani. Hata polisi wa trafiki alikuja kulalamika. Kwani umepoteza nini?"

Wachuka akauondoa moshi kwenye orodha, akanunua nusu kilo ili asionekane mwendawazimu, akaondoka.

Mshukiwa wa pili, maneno. Alimfuata Hemali dukani kwa wazazi wake. Msichana alimkalisha kati ya majora ya vitambaa, akamwagizia chai ya maziwa kutoka mkahawa wa jirani, kisha akamsomea wimbo wote bila ala, polepole. Ulikuwa wa babu yake. Mzee alifunga duka saa sita mchana siku moja, jambo ambalo hakuwahi kufanya maisha yake yote, akapanda juu kulala, na hakuamka. Alipokuwa hai alikuwa akiupiga mlango wa chuma kwa kiganja kila asubuhi akiufungua. Hemali alisema bado hawezi kusikia mlango wa chuma ukipigwa.

Wachuka alimhurumia kwa dhati. Alimshika mkono. Lakini macho yake yalikauka kama kawaida.

"Na sasa mathe, mbona unauliza?"

"Nilisikia kitu siku ile. Sijui ni nini."

"Hata mimi," Hemali alisema baada ya kufikiri. "Ile song tumeipiga mara nyingi. Siku ile tu ndio nilisikia kama sijasimama peke yangu. Kama kuna mtu nyuma yangu, ananingoja nimalize."

Maneno hayo Wachuka alienda nayo. Mshukiwa wa tatu, tuni: Hemali alimtumia wimbo kwa simu, uliorekodiwa studio, na Wachuka akausikiliza ndani ya gari madirisha yakiwa yamefungwa, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mzuri. Haukumfanya kitu. Alimwomba mpiga kinanda wa kanisa aupige. Kijana aliuongezea madoido mpaka ukawa wa harusi.

Ni Kimutai aliyeukaribia ukweli. Alipita kwake Jumamosi moja jioni akitoka Olkaria, bado amevaa buti za kazi, na Wachuka akamtupia swali hilo kabla hajakaa: kwa nini wimbo wa huzuni wa watu wapiga kelele uumize moyo kuliko wa wale waimbaji wapole wanaolia redioni kutwa?

Kimutai alikuna kichwa. "Mathe, unajua kule kazini kisima kikifunguliwa kinapiga kelele mpaka huwezi kusikia jina lako. Hicho hatukiogopi sana. Kiko hapo, kinaonekana. Lakini kikifungwa, bomba linanyamaza, na presha yote iko ndani. Hapo ndio unatembea polepole. Sasa mtu mpole akiimba polepole, ni kawaida yake. Sisi tukinyamaza, unajua ile kelele haijaenda mahali. Tumeishikilia tu."

Kimya kingi kina mshindo mkuu, wazee walishasema, bila kufika Olkaria. Wachuka aliipenda hoja hiyo hata akamwongezea Kimutai kipande cha chapati. Tena ikamkumbusha mtu: mtu mkubwa wa mwili, asiyesema, aliyeketi na yote yake ndani. Lakini aliiona ina tundu. Kama ni hivyo, mbona studio haikumliza? Huko pia walipiga kelele kwanza, kisha wakanyamaza.

"Nataka muupige tena," alisema. "Mbele yangu. Kama siku ile."

Walikutana Jumapili alasiri kwenye ghala la baba yake Tanveer, kati ya rafu za breki na mikanda ya injini. Wachuka alileta vitu vyote vya Kikopey: miksa ile ile, maiki ile ile, mtambo wa Mburu. Alipanga kila kitu kilivyokuwa. Hata pamba alijaza. Vijana walimwona wa ajabu, lakini mtu akikuletea spika bila kudai hata shilingi humwulizi sana. Walipiga nyimbo tatu za kubomoa nyumba, mwenye ghala akaja kuchungulia na kurudi akitikisa kichwa. Kisha wakanyamaza, na Hemali akaimba.

Wachuka alingoja. Alitoa pamba kama alivyofanya siku ile. Alijigusa kidevu.

Hakuna. Kikavu, kama kiganja.

Basi lilikuwa jambo la kupita tu. Uchovu, au umri. Machozi hayakuwa ya mtu yeyote, na Agosti angeketi kwenye kiti kile akiwa fundi wa watu, jinsi Cucu alivyosema.

Hemali naye aliacha kuimba kabla ya ubeti wa mwisho. "Imekataa," alisema. "Leo niko peke yangu hapa mbele."

"Kuna kitu kinakosekana," Tanveer alisema kutoka nyuma ya ngoma. "Siku ile, ile boksi kuukuu ilikuwa inafanya noma, si mnakumbuka? Ilikuwa inavuma. Leo iko poa."

Wachuka aliinamisha kichwa upande. Taratibu alienda nyuma ya mtambo wa Mburu, akapiga magoti na kuufuata waya kwa kidole. Hapo kilikuwa, kidude cha kukata mvumo alichokuwa amekifuata kanisani, kimechomekwa mahali pake. Hakukumbuka hata kukichomeka. Mkono ulifanya wenyewe, jinsi ulivyofanya kwenye mazishi, jinsi ambavyo mkono wa mtu wa sauti yeyote ungefanya: ukisikia uchafu, unausafisha.

Akakichomoa.

Vuuu.

Akaisikia nyumba yake ya Section 58. Ni saa moja ya jioni, yeye anasukuma chapati, na kwenye meza ya pembeni Mburu amempa mgongo, anachomelea nyaya, na mtambo umewashwa maana yeye hakuwahi kuuzima, alidai unapozimwazimwa ndipo unapozeeka. Hasemi kitu. Hana haja. Siku za Wachuka kurudi akiwa amechelewa alikuwa akiusikia mvumo ule tangu langoni, na kabla hajaona taa alijua mwanamume yuko nyumbani. Alizoea hata akaacha kuusikia. Halafu siku ya mazishi aliukata mbele ya jeneza ili pasta asikike vizuri, na walipomrudisha mjini hakuuingiza mtambo nyumbani, akaufunika blanketi ndani ya gari, akalala kwenye kimya kile akishangaa ni kwa nini hahisi chochote.

Aliketi juu ya katoni ya breki na kulia. Si machozi ya kidevuni tena. Alilia kwa sauti, yeye ambaye lazima uiname ndipo umsikie, mabega yake ya mchukuzi yakipanda na kushuka.

"Nilimpenda," alisema. "Jamani, nilimpenda huyu mtu."

Vijana wa Mvuke, na mafuvu yao yote, hawakujua pa kuweka mikono. Tanveer alikimbia kutafuta chai. Hemali alipiga magoti kando yake. Kimutai, ambaye anajua mambo ya presha, alisogea hatua moja nyuma na kuuacha mtambo uvume.

Agosti ikafika. Watu walijaa Bahati kuja kuona jiwe la Mburu likiwekwa, na, tusidanganyane, kuona macho ya Wachuka. Waliona kwanza jambo jingine: vijana watatu waliovaa nyeusi kuanzia kichwani hadi miguuni, wameketi karibu na spika. Lakini kwa kuwa lilikuwa jambo la kaburi, kwa mara ya kwanza maishani mavazi yao yalifaa mahali.

Mtambo wa zamani ulikuwa mezani, umewashwa. Kidude kilikuwa mfukoni mwa Wachuka.

Pasta alianza kuomba, akasita. "Mama Sauti, kuna mlio hapo. Hebu utuangalizie."

"Nimeusikia, Pasta," Wachuka alisema kutoka kwenye kiti cha mjane. "Endelea tu."

Hakuinuka. Hiyo peke yake ilitosha kuwafanya watu watazamane. Maombi yakaisha na mvumo wake, jiwe likawekwa, kisha Hemali akasimama bila kelele yoyote ya kutangulia, Kimutai akagusa uzi mmoja, na wimbo wa duka lililofungwa mchana ukaimbwa juu ya kaburi la mtu aliyetengeneza redio. Akina mama wa kanisa, ambao hawakuujua, walikuwa wameshautungia kibwagizo ulipofika katikati.

Cucu alikuwa ameketi karibu, blanketi mapajani. Alimtazama mkwewe, ambaye sasa alikuwa akilia bila kujificha nyuma ya kitu, lakini hakukaa akimtazama sana. Alikuwa amegeuza sikio lake zuri kuelekea mezani.

"Hiyo si ile ya Mburu?"

"Ndiyo yake, Maitu."

"Nilipokuwa nikija kwenu nilikuwa silali kwa sababu ya hiyo kelele," bibi alisema. "Nilikuwa nikimwambia azime, ananiambia, Mami, utaizoea. Nikirudi huku Bahati ndio nilikuwa silali kabisa." Akachukua ncha ya leso yake na kumfuta Wachuka shavu, kwa nguvu, kama mtu anayemfuta mtoto uji. Kisha akajifuta mwenyewe kwa ncha ile ile.

Watu walienda kula. Wao wawili hawakuinuka. Baada ya muda mwenye hema alikuja kukusanya viti, akaona mtambo unavuma bure na hakuna anayeongea, akainama kuchomoa plagi. Cucu alimgonga kiganja kwa fimbo.

"Wacha," alisema. "Bado tuko na yeye."